Je, wajua? Kinywa-pamba huachama ili asiume

Kwenye vinamasi vya kusini-mashariki mwa Marekani, kuanzia Virginia hadi Florida na magharibi hadi Texas, yupo kipiri wa majini aitwaye cottonmouth, yaani kinywa-pamba. Ukimkaribia hujiviringa, huinua kichwa na kuachama, ndani ya kinywa kukiwa kweupe pe. Wengi huisoma ishara hiyo kinyume. Hudhani ndiyo anataka kuuma.

Sivyo. Anayewinda hatangazi. Hulala kimya, kisha hurusha kichwa ghafla na kinywa hufunguka njiani. Chonge zake hulala kwenye kaakaa kama kisu cha kukunja, zikasimama anaposhambulia. Nyoka aliyekaa kaachama tu hajashambulia bado, na angependa isifike huko.

Mfikirie mlinzi wa usiku mwenye mishale mitatu. Akimpiga mshale kila apitaye, mwizi atamkuta na podo tupu. Heri awashe taa: mpita njia aone kuna mtu, ageuke. Sumu ndiyo mishale hiyo. Kazi yake ya kwanza ni kupata chakula, na tezi zikimwagika huchukua siku kadhaa kujaa tena. Weupe wa kinywa ndio taa. Mwili wake wa kahawia iliyokolea, au karibu mweusi, hufanana na tope. Hapo chura hamwoni, lakini mguu wa mnyama mzito haumwoni pia. Kwa hiyo anahitaji maficho anayoweza kuyazima mara moja. Huongezea kutikisa mkia kwenye majani makavu na kutoa harufu mbaya.

Mwaka 2002 watafiti Whit Gibbons na Michael Dorcas walichapisha matokeo ya kuwachokoza nyoka hawa porini. Hata waliposhikwa kwa mkono wa bandia, waliouma ni 13 kati ya 36. Tahadhari mbili: mkono wa bandia si mkono wa mtu, na 13 kati ya 36 ni zaidi ya theluthi. Tena kuachama si hatua ya lazima. Anayekanyagwa anaweza kuiruka. Sumu yake huharibu nyama na damu, na kidole kinaweza kupotea. Aliyeumwa avue pete kabla ya uvimbe, atulize kiungo, apelekwe hospitali. Kuchanja, kufyonza, kufunga kamba au kuweka barafu huongeza madhara.

Wengi wanaouawa kwa jina lake si yeye, ni nyoka wa maji wasio na sumu wa jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Nerodia. Kichwa cha pembetatu hakitoshi kuwatofautisha, maana Nerodia akiogopa hubapaza chake. Tazama uogeleaji: kinywa-pamba huelea mwili karibu wote juu ya maji, Nerodia huzama zaidi. Na yule anayedondoka mtumbwini kutoka tawini mara nyingi ni Nerodia. Wapo pia wasemao kinywa-pamba hawezi kuuma chini ya maji. Samaki anaowala wangeshangaa.

Majina yake ya kisayansi yana vituko. Mwanasayansi Mfaransa Lacépède, mwaka 1789, alimweka kwenye jenasi Crotalus, ya nyoka wenye njuga mkiani, ilhali huyu hana njuga. Mwaka 1799 Mfaransa mwingine, Palisot de Beauvois, aliunda jina la jenasi yake ya sasa, Agkistrodon, kutokana na maneno ya Kigiriki ya ndoano na jino. Herufi ya Kigiriki inayoandikwa g husomwa n mbele ya k, hivyo ilipaswa kuwa Ankistrodon. Lakini kanuni za majina ya wanyama hulinda tahajia ya kwanza. Neno la pili la jina lake, piscivorus, maana yake ni mla samaki, ingawa hula pia vyura, ndege, mizoga na hata nyoka wenzake. Kwenye kisiwa cha Seahorse Key, Florida, jina hilo lilitimia kwa namna ya ajabu: nyoka walikaa nchi kavu chini ya viota, wakiokota samaki walioangushwa na ndege.