Barabara kubonyea sio kosa la mkandarasi tu jamani

Kila lami ikijikunja utasikia "mkandarasi kala hela", na matajiri wa malori wanajibu sisi kodi tunalipa, barabara ni kazi ya serikali. Mkandarasi mbovu yupo, sikatai. Ila hiyo ya pili ndo uongo unaotuponza.

Lami hailiwi na wingi wa magari tu, inaliwa zaidi na uzito wa kila ekseli (ule mtaimbo unaoshika matairi ya kushoto na kulia), na hesabu yake inashangaza kidogo. Sheria ya Afrika Mashariki ya 2016 inasema ekseli moja ya matairi manne mwisho tani 10, lori zima mwisho tani 56. Sasa ongeza tani mbili tu kwenye hiyo ekseli, uharibifu hauongezeki kidogo kama unavyodhani, unapita kidogo mara mbili, maana mainjinia wanakadiria kwa kuzidisha uwiano wa uzito wenyewe kwa wenyewe mara nne (12 gawa kwa 10 ni 1.2, kisha 1.2 × 1.2 × 1.2 × 1.2, fanya mwenyewe kwa simu). Simama karibu na mzani wa malori wa Vigwaza, Pwani, uangalie lami malori yanapopunguza mwendo, hapo utaelewa.

Na nani anaamua mzigo? Sio dereva, maskini, yeye anapigiwa tu simu "ongeza mifuko hamsini". Ni tajiri wa lori na mwenye kiwanda anayetoa mzigo. Huyo mwenye kiwanda akiweka mzani getini kwake, na akakataa kumpa mzigo msafirishaji anayejaza kupita kiasi, barabara ya kwenda Tunduma inapumua kabla hata bajeti haijasomwa Dodoma.