Mmekubaliana kuondoa maombi mahakamani, kwa nini bado mnabishana gharama?

Tuchukue ndugu wawili wa Marangu waliogombea mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo. Mdogo alishindwa kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba, siku 45 za kukata rufaa zikampita, akafungua maombi Mahakama Kuu Moshi aongezewe muda. Kabla hayajasikilizwa, wazee wa ukoo wakaingilia kati. Jumamosi mdogo akaenda kwa kaka yake na jani la sale mkononi, na Mchaga akiletewa sale hana pa kukimbilia, anasamehe. Wakanywa mbege, yakaisha.

Jumatatu wakili wa mdogo anasimama: "Mheshimiwa Jaji, tunaomba kuyaondoa maombi yetu." Wakili wa kaka naye: "Hatuna pingamizi Mheshimiwa, ila tunaomba gharama."

Mdogo anageuka. "Kaka, si tuliyamaliza juzi?" Kaka anaangalia viatu vyake.

Hakuna aliyemsaliti mwenzake. Sale lilimaliza ugomvi wa mpaka, suala la gharama halikuguswa, na mahakamani hayo ni mambo mawili. Kukubali maombi yaondoke maana yake ni kwamba jaji hana tena cha kuamua kuhusu huo muda. Lakini kaka alishamlipa wakili amwandikie kiapo kinzani, na alishapanda gari kushuka Moshi mjini mara kadhaa. Gharama si adhabu. Ni kumrudishia kiasi alichotumia mtu aliyeitwa mahakamani bila kupenda.

Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inamwachia jaji hiari katika hili. Mazoea ni kwamba gharama humfuata aliyeshindwa, na jaji akiamua vingine anatakiwa aandike sababu. Sasa maombi yakiondolewa kwa ridhaa, nani kashindwa? Hapo ndipo mawakili hupata la kusema. Aliyeyafungua ndiye anayeyaondoa, kwa hiyo huanza akiwa na mguu mmoja ndani ya shimo. Jaji huangalia shauri limefika wapi: kuondoa siku ya kwanza, kabla mwenzako hajajibu, si sawa na kuondoa baada ya hoja za maandishi kuwasilishwa. Undugu nao huhesabiwa, ndiyo maana kwenye kesi za familia "kila upande ubebe gharama zake" ni maneno ya kawaida. Hao ndugu wangeyatamka mapema, jaji angeyaandika tu na wao wangerudi nyumbani.

Na kama amri haitaji gharama kabisa? Basi hakuna cha kudai, kwa sababu ankara ya gharama, yaani orodha ya unachodai urudishiwe, husimama juu ya amri. Ikiwepo, Amri ya Malipo ya Mawakili ya 2015 inatoa siku 60 za kuwasilisha ankara hiyo ikakadiriwe, yaani ipitiwe na kupangwa kiasi cha kulipwa. Humo kuna mtego ninaoupenda: ukiacha ada za mahakama, ikikatwa zaidi ya sehemu moja ya sita ya ulichodai, unakosa gharama za ukadiriaji wenyewe. Yaani ukidai milioni 3 na zikakatwa laki 6, umejifunga goli.

Angalia pia neno linaloandikwa kwenye amri. Tangu Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iamue shauri la chama cha ushirika cha Ngoni-Matengo mwaka 1959, mawakili wetu hutofautisha kutupilia mbali na kufuta tu. Maombi yaliyotupiliwa mbali yamehesabiwa kuwa yameamuliwa. Yaliyofutwa kwa kasoro yanaweza kurekebishwa yakarudi. Ukiridhia amri bila kusoma ni lipi limeandikwa, unaweza kudhani umefunga mlango kumbe umeurudishia tu.

Kwa watu wa Arusha kuna kioja zaidi. Mji huo una mahakama za kimataifa, na mbili kati yake kila moja inaanzia upande wake. Mahakama ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inafuata mazoea yale yale, aliyeshindwa alipe isipokuwa kuwe na sababu nzuri. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu inaanza kwa kusema kila upande ubebe gharama zake, mpaka yenyewe iamue vingine. Yule mdogo wa Marangu angekuwa kwenye hiyo ya pili, ombi la gharama lisingemshtua hivyo.