Je, wajua? Kwa nini aliyekamatwa akiendesha amelewa hupelekwa darasani kuhesabu chupa

Katika jimbo la California, Marekani, dereva akitiwa hatiani kwa kuendesha amelewa, kulipa faini hakumalizi kesi. Anaandikishwa darasa. Kosa likiwa la kwanza na kiwango cha pombe kwenye damu kikiwa chini ya asilimia 0.20, kwa kawaida anapangiwa miezi 3 yenye saa 30 za masomo na mazungumzo ya kikundi. Kikifika 0.20 au kuzidi, anasoma miezi 9, saa 60. Anayerudia kosa anakaa darasani miezi 18. Uingereza darasa ni la hiari, saa 16 zilizogawanywa katika siku zisizopungua 3, na anayelimaliza hupunguziwa hadi robo ya muda aliofungiwa leseni. Ila akipitisha tarehe aliyowekewa na mahakama, punguzo lote linapotea.

Kwa nini darasa, wakati faini na kufungiwa leseni vinauma vya kutosha? Kwa sababu wengi wanaokamatwa waliwasha gari wakiamini kwa dhati kwamba ni wazima. Faini inamfundisha mtu kumwogopa trafiki, lakini haimwambii bia ya jana inatoka mwilini saa ngapi. Darasani hesabu hiyo hufundishwa mapema, na hakuna anayeihitaji kuliko dereva anayeteremka Kitonga alfajiri na tani 30 mgongoni, au anayeshuka Iwambi kuelekea Mbalizi.

Inakwenda hivi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu 20 hivi za pombe halisi. Kwa mwanamume wa kilo 70, chupa hiyo moja huongeza takribani miligramu 42 katika kila mililita 100 za damu. Ini lake huondoa miligramu 15 hivi kwa saa. Wapo wa 10, wapo wa 20. Sheria ya Tanzania inaweka kikomo cha miligramu 80, na kwa dereva wa gari la biashara kinachotakiwa ni sifuri.

Sasa mchukue mtu aliyekunywa chupa 6 kuanzia saa 2 usiku hadi saa 6 usiku, akaenda kulala. Chupa 6 ni miligramu 252. Katika zile saa 4 za kunywa, ini limeondoa 60, hivyo anapanda kitandani na 192. Saa 12 asubuhi anaamka, ananawa, anavaa, na damuni bado ana 102. Amelala, ameota, na bado amevuka kikomo. Sifuri ataifikia karibu saa 7 mchana. Mwanamke wa uzito uleule atachelewa zaidi, kwa kuwa kwa kawaida mwili wake una maji kidogo ya kuizimua ile pombe.

Hapo ndipo watu hukimbilia supu ya kongoro, kahawa ya Mbozi, au kufungua dirisha ili baridi ya Makambako "ikate pombe". Baridi inaamsha macho, kahawa inaondoa usingizi, na supu inarudisha maji na chumvi. Lakini zaidi ya asilimia 90 ya pombe huvunjwavunjwa na ini, kwa vimeng'enya ambavyo vikishajaa kazi haviongezi mwendo hata ukivibembeleza. Unachopata ni mlevi aliye macho, na huyo ni wa hatari zaidi, maana sasa anajiamini. Kwenye kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde, kwa hiyo mguu ukichelewa nusu sekunde kufika kwenye breki, mita 11 zimekwisha kupita. Anayezimua asubuhi kwa chupa moja anaongeza 42 juu ya zile 102.

Hesabu ya bia angalau ina lebo ya kusomea. Nyanda za Juu Kusini tuna kazi ngumu zaidi, kwa sababu ulanzi hauna lebo. Mgema wa Iringa hukata ncha ya chipukizi la mwanzi wakati wa masika, anatega chombo, na utomvu unadondoka. Ukiwa mbichi, mtogwa, ni mtamu na kilevi chake ni kidogo. Lakini hamira ya asili imeshaingia na inaendelea kula ile sukari ndani ya dumu, hivyo ulanzi ulioachwa ukakolea, mkangafu, unaweza kufika asilimia 5 au zaidi kidogo. Kwa kiwango hicho lita moja ina gramu 40, yaani bia mbili nzima. Anayesema "nimekunywa lita mbili tu za ulanzi" amekunywa bia nne. Tena dumu la mchana si dumu la jioni, hata kama limetoka kwa mgema yuleyule. Komoni ya Mbeya nayo inaendelea kuchacha ndani ya pipa. Kwa pombe za namna hii njia salama ni kuhesabu kana kwamba kila lita ni bia mbili, hata ulimi ukisema ni tamu.

Kutafuna vitunguu au pipi ya mnanaa kabla ya kupuliza kipimo hakusaidii pia. Pombe inayopimwa inatoka kwenye damu inayopita mapafuni, na harufu ya kinywa haihusiki.

Zoezi ambalo walimu wa madarasa haya hulipenda ni daftari la wiki: umekunywa nini, kiasi gani, umeanza saa ngapi. Wengi huona aibu ukurasa wa tatu tu. Kisha wanafundishwa kuhesabu kurudi nyuma, kuanzia saa ya kuondoka. Basi linatoka stendi ya Mbeya saa 12 asubuhi kwenda Dar es Salaam, na dereva, kilo 70, anaanza kunywa saa 1 jioni. Kwa kasi ya 15, chupa 3 zinaisha mwilini saa 9 na nusu usiku hivi. Ini lake likiwa la wale wa 10, hata hizo 3 ni nyingi mno. Chupa ya nne, kwa ini la kawaida, inaisha saa 12 na dakika 12 asubuhi, basi likiwa limeshatoka stendi.