Kwa nini "could" haisemi kama jambo lilifanyika?

Mwanafunzi wa skuli huko Wete anaandika insha ya Kiingereza juu ya safari ya boti kutoka Unguja hadi bandari ya Mkoani, Pemba. Bahari ilichafuka, lakini "the captain could reach Mkoani". Anakusudia kwamba nahodha aliweza kufika na abiria wakashuka salama. Msomaji wa Kiingereza hapati habari hiyo. Anaelewa tu kwamba nahodha alikuwa na uwezo wa kufika, naye bado anangoja kuambiwa kama alifika.

"Aliweza" yetu hubeba uwezo na matokeo kwa pamoja. Kiingereza huvitenganisha. "Could" ni ya uwezo uliodumu zamani: babu alikuwa akiweza kupanda mkarafuu mpaka juu, "he could climb". Jambo lililofanikiwa mara moja, hasa kwa taabu, huandikwa "was able to" au "managed to". Kwa hiyo nahodha wetu "managed to reach Mkoani".

Ukikanusha, tofauti hiyo huondoka: "couldn't" inafaa pote, maana asiyeweza kufika hakufika. Vitenzi vya kuona na kusikia navyo vina ruhusa yao. "We could see the lights of Mkoani" ni sahihi hata kama taa zilionekana usiku ule mmoja tu.

"Could" ni "can" ya wakati uliopita, na asili ya "can" inasaidia kukumbuka haya. Katika Kiingereza cha kale ilikuwa na maana ya kujua, kama sisi tunavyosema fulani anajua kuogelea. Na ajuaye kuogelea si lazima awe ameingia majini leo. Ile "l" ya "could", isiyotamkwa, iliingizwa baadaye kwa kuiga "would" na "should".

Kosa jingine la kueleza mambo ya zamani, linalonisumbua zaidi, ni "I am used to pick cloves", kwa sababu haieleweki mwandishi anakusudia lipi kati ya mawili. "I used to pick cloves" ni mtu aliyekuwa akichuma karafuu zamani, siku hizi hachumi. "I am used to picking cloves" ni aliyezoea kazi hiyo. "Nilizoea kuchuma" yetu inaweza kubeba maana zote mbili, ndiyo maana tunateleza. Anayeomba kazi shambani aandike ya pili, na "picking" isikose "-ing" yake. Kama ndiyo kwanza anaanza kuzoea, ni "I am getting used to picking cloves".