Koloni ya spora moja haitoi uyoga

Malalamiko yanayofika maabara yetu siku hizi yanafanana. Mkulima amechukua spora, yaani chembe za uzazi za uyoga, amezitenganisha kwenye sahani ya agari (jeli ya kuoteshea), amechagua koloni moja iliyonawiri, kundi la nyuzi zilizoota kutoka spora moja, na kuikuza. Utando mweupe umejaa chupa nzima, uyoga hautoki. Kisha anasema mbegu ni feki.

Si feki. Spora siyo mbegu, na tumelirudia hili mara nyingi. Katika uyoga mwingi unaolimwa, spora hubeba nusu tu ya urithi: seti moja ya kromosomu. Ikiota hutoa nyuzi zenye viini vya aina moja, ambazo kwa kawaida hazizai mpaka zikutane na nyuzi za spora nyingine inayopatana nazo. Hapo seli huungana, lakini viini haviungani. Hukaa viwili viwili ndani ya kila seli na kugawanyika kwa pamoja. Katika spishi nyingi, nyuzi huota kipingo kidogo pembeni kinachorudisha kiini kimoja kwenye seli ya nyuma, isije ikabaki pungufu. Ukikiona kipingo hicho kwenye hadubini, umepata utando unaoweza kuzaa. Ndio huo unaooteshwa kwenye nafaka na kuuzwa kwa jina la mbegu.

Viini huungana mwishoni kabisa, chini ya kofia, ndani ya seli ziitwazo basidia. Muungano haudumu: mayosisi, mgawanyiko unaorudisha kromosomu kuwa seti moja, hufuata mara moja: migawanyiko miwili, viini vinne. Juu ya basidia huchomoza vipembe vinne, kila kimoja kikivimba ncha kuwa spora, na kila kiini hujipenyeza humo.

Uyoga wa kifungo, Agaricus bisporus, una desturi yake: basidia hutoa spora mbili mara nyingi, kila moja na viini viwili, hivyo spora moja inaweza kuzaa. Anayesema alifaulu kwa huo asibishiwe.

Wanaoleta sampuli: kata shina, laza kofia juu ya karatasi safi, funika kwa bakuli kwa saa 12 hadi 24. Vaa barakoa, maana spora za uyoga, hasa wa mamama (Pleurotus), huweza kuleta ugonjwa wa mapafu wa mzio. Kausha karatasi hiyo yenye spora, iweke kwenye bahasha ya karatasi, siyo ya plastiki. Andika spishi, tarehe na utando ulitoka wapi. Bahasha isiyoandikwa haifunguliwi. Inarudishwa.