Je, wajua? Majina ya Akinyi na Ochieng yanapatana, wala hakuna aliyeyapatanisha

Ukikuta nyumba moja Nairobi ina Akinyi, mdogo wake Ochieng na kitinda mimba Atieno, ni rahisi kudhani wazazi walipanga: asubuhi, adhuhuri, usiku. La. Kwa desturi ya Wajaluo, mtoto hupewa jina la wakati aliozaliwa.

Mpangilio tunaousikia unatokana na sarufi. Jina hugawanyika kama maneno ya ngeli zetu: mzizi hubeba maana, kiambishi hubadilika. Chieng' ni jua. Tanguliza O upate mvulana, A upate msichana. Okoth na Akoth ni wa mvua, Odhiambo na Adhiambo wa jioni. Wakalenjin nao wana Kiprop na Cherop wa mvua, Kipkoech na Chepkoech wa mapambazuko. Pacha huivunja saa: Mjaluo anayetangulia ni Opiyo au Apiyo, anayefuata ni Odongo au Adongo.

Mfumo huu unafaa kwao kwa kuwa Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na jua huchomoza mwendo wa saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. London, ambako mwezi Juni jua hutua baada ya saa tatu usiku na Desemba kabla ya saa kumi jioni, Adhiambo angehitaji kalenda.

Watu hukosea zaidi wanapoihamishia kanuni hii kwa Wakikuyu. Kwa kuwa mbura ni mvua, basi Nyambura kazaliwa masika! Huenda alizaliwa Agosti, vumbi tupu. Binti wa kwanza hurithi jina la nyanya mzaa baba, wa pili la nyanya mzaa mama, na wavulana vivyo hivyo kwa babu zao. Nyambura ni nyanya aliyepewa jina la nyanya yake, kurudi nyuma hadi kwenye masimulizi ya mabinti wa Gikuyu na Mumbi, ambamo Nyambura ni mmoja wao na ukoo wake husifiwa kwa kuleta mvua. Mvua hiyo ni ya ukoo, si ya siku ya kuzaliwa. Majina ya dada wawili yataoana kadiri ya nyanya zao, na hao hawakuchaguana.

Wajaluo nao hurithisha majina ya jamaa, kwa hiyo Atieno wa leo huenda alizaliwa saa nne asubuhi. Na mtoto wa Mjaluo na Mkikuyu akiitwa Atieno Nyambura, utasikia usiku wa mvua, ilhali siku yenyewe ilikuwa mchana wa jua kali.