Damu Moja Haijibu Maswali Yote ya Homoni

Hapa Tanga, iwe Ngamiani au Makorora, mwanamke akikaa mwaka kwenye ndoa bila kushika mimba, mashoga zake humwambia, "Kapime homoni." Anakwenda, analipa, anarudi na karatasi ya FSH na LH (homoni zinazoamsha ovari zikuze na kutoa yai), projesteroni (homoni inayopanda yai likishatoka) na mengineyo. Kila anayeishika anaisoma anavyojua yeye.

Dhana: Siku yoyote ni sawa, damu ya mara moja inatosha

Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana wanawake wanalia kwa majibu yasiyo na maana. FSH na estradioli, homoni ya kike itokayo kwenye ovari, hupimwa siku ya 2 hadi ya 4 tangu hedhi ianze. Projesteroni hupimwa baada ya yai kutoka, kama siku 7 kabla ya hedhi inayofuata, ili kuthibitisha kwamba yai limetoka kweli. Damu ya asubuhi moja haiwezi kufaa kwa vyote viwili. Ukiambiwa projesteroni iko chini, na damu ilitolewa siku ya 3 ya hedhi, usishtuke: siku hiyo inatakiwa iwe chini.

Itazame fomu yako, sehemu ya siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Ikiachwa wazi, daktari atazipimaje namba hizo? Na ile "siku ya 21" inayotajwa kila mahali ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Mwenye mzunguko wa siku 35 anapaswa kwenda siku ya 28.

Dhana: AMH ikiwa ndogo, sahau mtoto

Si kweli. AMH ni homoni ya ovari inayokadiria wingi wa mayai yaliyobaki. Ubora wa mayai hufuata zaidi umri. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2017 ulifuatilia wanawake wapatao 750 wa miaka 30 hadi 44, wasio na historia ya ugumba. Wenye AMH ndogo hawakuwa na nafasi pungufu ya kushika mimba kuliko wenzao. Kipimo hiki kina kazi yake, hasa kukadiria ovari zitaitikiaje dawa za kukuza mayai kwa wanaopandikiza mimba.

Dhana: Prolaktini imepanda, kuna uvimbe kichwani

Prolaktini ni homoni ya kutengeneza maziwa, na uvimbe ni sababu moja tu ya kupanda kwake. Wasiwasi wa sindano, kunyonyesha, tezi ya shingoni kufanya kazi kidogo, hata dawa ya kuzuia kutapika ya metoklopramidi, vyote huipandisha. Ikiwa imepanda kidogo, rudia asubuhi ukiwa umetulia kabla ya kuanza dawa. Na kama unameza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, mwambie mtu wa maabara. Vinaweza kupotosha majibu.

Dhana: Sindano ya uzazi wa mpango imeniharibu homoni

Ile ya miezi 3 huchelewesha tu. Kwa wastani mimba hurudi kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho.

Dhana: Homoni ziko sawa, basi nimerogwa, au ni chango

Homoni hazioneshi mirija iliyoziba; hiyo huonekana kwa picha ya mirija. Wala hazisemi lolote kuhusu mume, ambaye huchangia tatizo katika karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto. Bado wakina dada wanazungushwa maabara miezi na miezi huku shemeji hajatoa hata sampuli moja. Apime mbegu mapema, akiwa amekaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga, na majibu yenu wote wawili yasomwe na daktari mmoja.